Nina mbizi tisa na sina mwenza: nipande meli ipi?

Shikamoo Nahodha,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Mwaka jana nilijifunza kuzamia kwa mtungi nikapata cheti cha Open Water, kile cha wanaoanza, na mpaka leo nimepiga mbizi tisa, ukihesabu na zile nne za kozi. Ndiyo, tisa tu. Lakini tangu siku nilipovuta pumzi ya kwanza chini ya maji, sina raha nchi kavu. Nikifumba macho naona samaki.

Sasa nimepata likizo ya siku kumi, na nataka safari ya meli, zile ambazo mzamiaji hulala humohumo wiki nzima: akiamka anavaa mtungi, akimaliza kula anavaa mtungi tena. Shida ni kwamba sina wa kwenda naye. Rafiki zangu wanasema maji ni ya kuoga. Mchumba niliyekuwa naye alikuwa akichafukwa na bahari hata meli ikiwa imefungwa gatini. Kwa hiyo nitakwenda peke yangu, na hapo ndipo usingizi unaponipaa.

Nimeangalia safari tatu. Ya kwanza ni Bahari ya Shamu, Misri, njia ya miamba ya mbali: Brothers, Daedalus na Elphinstone. Ina punguzo kubwa kwa sababu imebaki nafasi moja na meli inaondoka karibuni, na zile picha za papa zimenimaliza kabisa. Ya pili ni Bahari ya Shamu hiyohiyo, upande wa kaskazini, kwenye mabaki ya meli zilizozama, ikiwemo Thistlegorm. Ya tatu ni Maldives, kwenye visiwa vya kati. Meli ya Maldives ndiyo nzuri kuliko zote, ina hata beseni la maji ya moto kwenye sitaha ya juu.

Nilimuuliza wakala wa ile ya kwanza kama mbizi tisa zinatosha. Akanijibu neno moja: "Utazoea."

Yananisumbua haya. Nitawekwa chumba kimoja na nani? Nani atakubali kuwa mwenza wangu majini, na mimi hewa inaniishia kabla ya wote? Mara ya mwisho kundi zima lilipanda juu kwa ajili yangu. Hakuna aliyesema kitu, ila nyuso niliziona. Naogopa kuwa mzigo wiki nzima, mahali ambapo hakuna hata kichaka cha kujificha.

Nipande ipi, Nahodha?

Mwenye Mitungi Tisa

N.B. Nimeshanunua kamera ya chini ya maji.

*

Marahaba, mwanangu.

Enzi zetu mtu akisema anazamia meli, maana yake alikuwa anatoroka bila nauli. Leo mnalipa nauli, tena nono, ili mzamie. Dunia inakwenda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeeleza kwa kirefu nani utalala naye chumbani, lakini kuhusu mkondo hukuandika hata neno. Ugeni wako kwa watu unakutisha, ugeni wako kwa maji umeupita kimyakimya. Mimi ningegeuza. Watu ishirini waliojikusanya melini kwa kupenda kitu kimoja huwa wameshaanza kutaniana ifikapo usiku wa pili. Maji hayana mazoea hayo. Kwa hiyo tutachagua maji kwanza, meli baadaye, na beseni la maji ya moto mwisho kabisa.

Tuanze na hiyo ya punguzo tuimalize. Brothers na Daedalus ni miamba iliyojitokeza peke yake bahari kuu, mbali na pwani. Kuta zake zinashuka mamia ya mita, kwa hiyo ukikosea kuelea hakuna mchanga wa kukupokea. Unaingia majini kwa kujibwaga kinyumenyume kutoka kwenye boti ya mpira, na mara nyingi unatakiwa kushuka papo hapo, bila kuelea kwanza ukatengeneza miwani na kumtafuta mwenzako. Mkondo unaweza kukuchukua juu, chini au pembeni. Hao papa waliokumaliza wako pale kwa sababu ya mkondo huohuo. Ndiyo maana kiwango kinachotakiwa kwenye hifadhi hizo za mbali za Misri ni mbizi 50 zilizoandikwa kwenye daftari. Wakala aliyekuambia "utazoea" ama hajui hilo, ama analijua. Vyovyote iwavyo, mlango huo ufunge.

Usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mnara. Safari yangu ya kwanza ya namna hiyo nilidanganya. Nilikuwa na mbizi 14, nikajaza fomu kuwa nina 40, kwa kuwa kulikuwa na kijana mmoja mezani aliyekuwa akihesabu zake kwa sauti. Siku ya pili tulishushwa mdomoni mwa mlango wa bahari wakati maji yanaingia. Wenzangu walishika mwamba wakatulia. Mimi nilishika maji. Nilipoibuka, meli ilikuwa imekuwa ndogo kama kiberiti, na boya la ishara sikuwa nalo kwa sababu nililiona kama pambo la wanaoanza. Nilielea nikiimba nyimbo zote ninazozijua, na nyingine ambazo sizijui, mpaka boti ya mpira iliponiona. Kiongozi hakunigombeza. Alifungua fomu yangu, akaisoma, akaifunga. Afadhali angenigombeza.

Na mlango wa bahari wa namna hiyo ndio Maldives ya kati. Wenyeji huuita kandu: pengo kati ya miamba ambamo bahari kuu inapumua kuingia na kutoka ndani ya kisiwa-pete. Raha yake iko hapo, unajishikiza ukingoni na papa wanapita mbele yako kama msafara wa harusi, ila lazima uweze kushuka haraka, kujishikiza bila kuvunja matumbawe, na kuachia kwa pamoja na wenzako. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hayo hukimbia zaidi. Siifuti Maldives. Ina miamba mingi iliyojikinga ndani, na zipo meli zinazopanga wiki nzima kwa ajili ya wageni wa maji. Lakini tangazo lenye picha ya beseni halikuambii ni wiki ya namna gani. Waulize mbizi ngapi kati ya zote ni za kwenye kandu, na asiyeziweza hupelekwa wapi. Wakikujibu kwa idadi na majina ya mahali, endelea kuzungumza nao. Wakikujibu kwa picha nyingine, waage.

Inabaki kaskazini ya Bahari ya Shamu, na hiyo ndiyo nakuchagulia, kwa masharti. Miamba mingi ya huko ina upande uliojikinga, na mara nyingi unaruka kutoka kwenye meli yenyewe ikiwa imefungwa, kisha unarudi kwa kufuata mwamba ule ule. Kwa anayeanza, kuwa na kitu cha kurejea kwa macho ni nusu ya utulivu.

Sharti la kwanza linatokana na hiyo Thistlegorm yako. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, ikalipuliwa na ndege za Wajerumani tarehe 6 Oktoba 1941 ikiwa imesheheni vifaa vya vita, na mpaka leo pikipiki na malori yamo tumboni. Imekaa kwenye mchanga wa mita kama 30. Cheti chako kina mwisho wa mita 18. Kwa hiyo ukienda na ulicho nacho utaona sehemu ya juu tu huku wenzako wakipotelea chini, na hapo ndipo vishawishi vinapozaliwa. Cheti cha Advanced kinakufikisha mita 30 na kinadai mbizi tano, moja ya kina kirefu na moja ya kutafuta njia. Meli nyingi huifundisha kozi yake humohumo safarini. Mimi napendelea uifanye kabla, kwenye maji unayoyajua, ili safarini uwe msafiri na si mwanafunzi. Na hata ukiwa nacho, usiingie ndani ya mabaki. Pale kwenye mwamba wa Abu Nuhas, njia hiyohiyo ya kaskazini, yako mabaki ya meli nyingine, Giannis D, iliyozama 1983, imelalia ubavu kiasi kwamba ukiwa ndani sakafu inakuambia jambo moja na viputo vyako vinakuambia jingine. Wazoefu hupata kizunguzungu mle. Itazame kwa nje, inapendeza vilevile. Jambo jingine, Thistlegorm nayo ina mkondo siku nyingine. Shuka kwa kamba, panda kwa kamba, na wakisema leo hakufai, shukuru.

Sharti la pili ni mbizi kumi zaidi kabla ya kuondoka. Si za kuhesabu tu. Nataka ujibwage kinyumenyume kutoka botini mpaka moyo usishtuke. Nataka urushe boya la ishara kutoka mita 5 ukiwa huna kamba wala mwamba wa kushika, ukae hapo dakika 3 za kusimama bila kuibuka wala kuzama. Utashindwa mara ya kwanza. Kila mtu hushindwa. Uzi hujifunga miguuni na boya linakwenda zake mbinguni na wewe ukifuata. Ni heri likutokee karibu na mwalimu wako. Kama likizo yako haisubiri mbizi hizo kumi, basi isogeze likizo, au chukua kitu kifupi. Kule Cairns, Australia, kuna meli zinazokwenda Great Barrier Reef kwa usiku mbili tatu, na wageni wa maji wamejaa humo. Visiwa vya Similan, Thailand, navyo vina maeneo ya upole, ila hufungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Galápagos, Cocos na Komodo, maji ya mikondo na ya wazoefu, ziache zikungoje. Hazihami.

Sasa hewa, maana naona ndiyo inayokuuma. Tufanye hesabu badala ya aibu. Mtungi wa kawaida wa lita 12 ukijazwa baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Toa baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mgeni mwenye wasiwasi anaweza kuvuta lita 25 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu, kwa hiyo anavuta 75. Gawanya: dakika 24. Akichukua mtungi wa lita 15, kwa hesabu hiyohiyo anapata dakika 30. Meli nyingi wanayo mitungi hiyo mikubwa lakini lazima uiombe mapema, maana haitoshi wote. Na ukiogelea mita 5 juu ya wenzako, ukiwaona lakini usiwafuate chini, unajipatia karibu dakika 5 bila kulipa chochote. Kwa hiyo zile nyuso ulizoziona zilikuwa zinakasirikia hesabu. Kiongozi mwenye akili ndiye alitakiwa kukupandisha wewe na mwenzako peke yenu na kuwaacha wengine waendelee. Waulize hilo pia: mmoja akiishiwa, kundi zima hupanda? Na kiongozi mmoja huchukua wazamiaji wangapi? Wanne kwa mmoja ni raha. Wanane kwa mmoja, na wawili kati yao wapiga picha, hapo kiongozi anahesabu vichwa tu.

Nimegusa wapiga picha, acha nimalizie. Usikubali mpiga picha awe mwenza wako. Si watu wabaya, nimeoza mmoja binti yangu. Lakini atakuweka robo saa mbele ya konokono asiye na gamba, mwenye ukubwa wa punje ya harage, na akimaliza atageuka kukuonyesha picha, si kukuuliza umebakiwa na hewa kiasi gani. Wewe omba siku mbili za kwanza uwekwe na kiongozi mwenyewe. Wengine hukodi kiongozi wa peke yao kwa wiki nzima, na kama uwezo upo, hiyo fedha ina kazi kuliko chumba chenye dirisha. Baada ya hapo utaona mwenyewe nani anavuta hewa kama wewe na nani hana haraka. Kabla ya kuruka naye, mkubaliane kwa maneno: nani anaongoza, tunageuka kwenye baa ngapi, tukipotezana tunatafutana dakika moja kisha tunapanda. Anayeona maswali hayo yanamchosha, mwache achoke na mwingine.

Chumba ni rahisi. Wengi wanaosafiri peke yao hupangiwa chumba na mgeni wa jinsia yao, na asiyetaka hulipa nyongeza alale peke yake. Lakini si kila meli hutenganisha wanawake na wanaume kama hukusema, kwa hiyo liombe kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Basi.

Ambacho sitakipita haraka ni mahali chumba kilipo. Tarehe 2 Septemba 2019 meli ya wazamiaji iitwayo Conception iliwaka moto usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Walikufa watu 34, waliokuwa wamelala chini ya sitaha. Njia zote mbili za kutokea zilifungukia ukumbi uleule uliokuwa unaungua, na hakukuwa na mlinzi wa usiku aliyekuwa macho akizunguka. Na kwenye hiyo Bahari ya Shamu unayoitaka, Novemba 2024 meli ya Sea Story ilipinduka kabla ya mapambazuko, na baadhi ya walionusurika walinaswa vyumbani zaidi ya siku moja kabla ya kutolewa. Sikuambii haya ili ukae nyumbani. Nakuambia ili uulize: nani hukaa macho usiku? Chumba changu kina njia ya pili ya kutokea, na inafungukia wapi? Betri za taa na kamera huchajiwa wapi, na kuna mtu anayezitazama? Chumba cha chini katikati ya meli ndicho kinachoyumba kidogo, na mwenye kichefuchefu atakipenda. Mimi nachagua cha juu, niyumbe lakini mlango niuone. Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, itembee njia ya kutokea kwa miguu yako. Kisha itembee tena umefumba macho, ukipapasa ukuta. Watakucheka. Mwenzako wa chumbani akicheka, mwambie naye afumbe.

Mwili wako nao una la kusema. Meli nyingi hupiga mbizi tatu au nne kwa siku, hivyo ifikapo jioni ya tatu utakuwa umepiga mbizi nyingi kama hizo tisa ulizo nazo leo, au zaidi. Siku ya nne ndiyo mbaya. Masikio yamevimba, maji ya kunywa umesahau, na bado kengele inalia saa kumi na mbili asubuhi. Ruka mbizi moja, lala. Umelipia wiki, hukulipia adhabu. Ukiwa na mafua usizamie kwa nguvu ya dawa, maana dawa ikiisha ukiwa chini, hewa iliyo ndani ya sikio inakosa pa kutokea wakati wa kupanda. Kozi ya nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ni fupi na inafaa kwa safari ya mbizi nyingi, kwa kuwa mwili unabeba naitrojeni pungufu, ila nayo ina mpaka wake: mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32 haupaswi kuvuka mita 33 hivi, na kila mtungi unaupima mwenyewe kwa mkono wako. Bima iwe ya wazamiaji, inayolipia chumba cha shinikizo, anakotibiwa mzamiaji aliyedhurika na naitrojeni, na kukufikisha huko. Na ndege ya kurudi: baada ya siku kadhaa za mbizi, shirika la usalama wa wazamiaji, DAN, linashauri usubiri angalau saa 18. Mimi huacha siku nzima, na hata nauli ya bei chee haijawahi kunibadilisha.

Umeona kwamba nimekupa maswali mengi ya kuwauliza. Lakini mimi huwapima kwa yale wanayoniuliza wao. Mbizi ngapi? Ya mwisho lini? Kina gani? Umewahi kuruka kutoka boti ya mpira? Tuonyeshe daftari. Nahodha aliyewahi kunikatalia safari ndiye niliyekuja kusafiri naye mara sita. Andika kwa meli mbili tatu za njia ya kaskazini, useme ukweli wote kwa mistari minne: niko peke yangu, nina mbizi tisa, nitakuwa na kumi na tisa, hewa inaniishia mapema. Anayekurudishia maswali, mpe fedha zako.

Vifaa kodi, isipokuwa vitatu vya kununua: miwani inayokushika uso, kompyuta ya kuzamia iliyo yako peke yako, na boya la ishara lenye uzi wake.

Na hiyo kamera, mwanangu, iache nyumbani.